Padri Aliyetuletea Sinema Kilbrackan

Padri Malachy Tuohy alifika kwetu Kilbrackan amekaa mbele katika lori la kubebea ng'ombe, kwa sababu basi lilikuwa limeharibika njiani na yeye hakuwa mtu wa kungoja. Ulikuwa mwaka uliofuata ule wa theluji kubwa. Alishuka mbele ya kanisa, kanzu imejaa manyoya ya ng'ombe, akamshukuru dereva kwa sauti iliyotufikia mpaka kwenye karakana ya baba yangu, kisha akauliza ni nani hapa anayejua kupika chai nzito. Wanawake waliokuwa wakitoka kusali rozari wakatazamana. Padri msaidizi aliyemtangulia alikuwa akiongea kama mtu anayeogopa kumwamsha mtoto.

Mimi ni Attracta Brehony, binti wa Thady mhunzi. Wakati huo nilikuwa nimeshavuka miaka thelathini, sijaolewa, nashona nguo katika chumba kilichopakana na karakana. Ninayoyasimulia mengi niliyaona, na mengine niliyashika kwa mikono yangu hii.

Paroko wetu alikuwa Baba Gilmartin, mzee aliyekuwapo tangu enzi za Waingereza. Sitasema alikuwa mtu mbaya. Aliwahi kuvuka mto uliofurika, maji yakimfika kifuani, kwenda kumpaka mafuta mgonjwa ambaye hata ndugu zake walishamkatia tamaa. Lakini jioni za kiangazi alitembea barabarani na fimbo yake ya miiba akipiga vichaka kuwafurusha wapenzi. Dansi ya vijana pale njia panda aliivunja. Gramafoni ya akina Moran alihubiri juu yake mpaka wakaitia darini. Vijana wakabakiwa na kitu kimoja tu cha kufanya, nacho ni kuondoka.

Vuli ile ile aliyofika Padri Malachy, Bid Tarpey alikuwa akimuaga mtoto wake wa mwisho, Nonie, anakwenda Birmingham, ng'ambo kwa Waingereza, kufanya kazi hospitalini. Bid alikuwa mjane, na hakuna mtu parokiani aliyesali kumzidi. Misa ya asubuhi bila yeye ilikuwa kama jiko bila moto. Tulikusanyika kwake, tukala viazi na nyama ya nguruwe, mtu akapiga fidla polepole ili paroko asisikie. Padri Malachy aliketi karibu na moto, miguu yake mirefu ameinyoosha, akamuuliza Bid, "Mama, huko Birmingham kukoje?"

"Nitajuaje, Padri? Najua jina tu. Wanangu wote wamekwenda huko mmoja mmoja, kama kuku wanaoingia mdomoni mwa mbweha, na mimi sijui hata huo mdomo unafananaje."

"Na wewe, Nonie? Unakimbia njaa?"

Nonie akacheka. "Njaa? Tuna viazi vya kuwalisha majeshi. Nakimbia ukuta, Padri. Kuanzia Novemba mpaka Machi tunatazama ukuta, na ukuta unatutazama. Wewe umekaa Liverpool, unajua watu wanavyoishi."

Kweli, alikuwa amekaa Liverpool miaka kadhaa kabla ya kuletwa kwetu. Niliona uso wake umebadilika, na asubuhi yake, tulipotoka kumsindikiza Nonie kwenye basi, alikuja karakanani moja kwa moja.

"Thady, lile ghala lako la shayiri nyuma ya karakana lina nini ndani?"

"Panya, Padri."

"Waambie wahame. Naleta sinema."

Baba aliendelea kugonga chuma chake. Alikuwa mtu wa maneno machache, na hayo machache aliyapima. Alipomaliza akakichovya chuma majini, mvuke ukapanda, akasema, "Paroko atakuchuna ngozi."

"Ngozi yangu ni nene."

"Basi na mlango nitautengeneza. Bawaba zimekwisha."

Hivyo ndivyo ilivyoanza. Umeme ulikuwa haujatufikia bado. Padri akapata jenereta kuukuu kutoka kambi ya jeshi iliyofungwa, baba akaifungua yote, akaifunga tena, mwishowe ikakubali kunguruma. Mashine ya sinema ililetwa kwa basi, imefungwa katika blanketi. Mimi nikapewa kazi ya kushona pazia la kurushia picha, na hapo tatizo likawa kitambaa. Delia Prunty, mpishi wa paroko, akaniletea shuka mbili za kitani safi, nzito, nyeupe pe.

"Umezipata wapi, Delia?"

"Shona, usiulize," akanijibu. "Mwenyewe analalia zile za pamba. Hata hajui ana hizi."

Nikashona. Kila Jumapili Kilbrackan ilitazama sinema kwenye shuka za paroko, na yeye hakujua mpaka anaingia kaburini.

Aliyekasirika wa kwanza hakuwa paroko, alikuwa Festus Hanley. Huyu alikuwa na duka na baa pale mkabala na kanisa, na alikuwa mkuu wa chama cha wanaume cha Moyo Mtakatifu, kwa hiyo aliwauzia watu pombe Jumamosi na kuwaongoza kuitubia Jumapili. Alikuja karakanani, kofia mkononi, uso kama wa mtu aliyefiwa.

"Padri, nasema kama rafiki. Watu wa hapa ni watu safi. Mambo haya ya gizani, wanaume na wanawake pamoja..."

"Festus, baa yako ina taa ngapi?"

"Moja, Padri."

"Na inawaka vizuri?"

"Hapana, Padri, utambi wake—"

"Basi giza unalijua kuliko mimi. Karibu Jumapili, nitakuwekea kiti cha mbele."

Baba alilazimika kugeukia tanuri ili asionekane akicheka.

Paroko alipopata habari hakukataza mara moja. Alitoa masharti: wanaume wakae upande mmoja na wanawake upande mwingine, kamba ifungwe katikati, na panapotokea kubusiana, mashine ifunikwe. Festus mwenyewe alileta kamba kutoka dukani, mpya kabisa. Padri Malachy akaipokea, akamshukuru, akaitumia kufungia pazia juu kwenye boriti, kwa maana lilikuwa likilegea.

"Hiyo ni ya katikati, Padri," Festus akasema.

"Pazia liko katikati. Ona."

Jumapili ya kwanza watu walikuja kwa haya, kama wanaokwenda kumwona maiti wa mtu wasiyemjua. Waliketi kwenye mabenchi na magunia, mvua inapiga bati, jenereta inanguruma nje, moshi wa sigara umetanda. Picha ilikuwa ya mwanamke tajiri na dereva wake, jambo la kuchekesha, na mwanzoni hakuna aliyethubutu kucheka kabla ya kumtazama padri. Yeye alikuwa akicheka mpaka anajipiga magoti. Basi wakaanza. Kufikia katikati, mzee Moran, ambaye nilidhani hana meno kwa kuwa sikuwahi kumwona akifungua mdomo, alikuwa akiwapigia kelele watu wa kwenye pazia wawe macho.

Kisha dereva akamshika yule tajiri mabega. Ghala zima likanyamaza. Wanawake wa rozari wakageuka kumtazama padri, wakingoja aweke kofia yake mbele ya mashine. Hakuiweka. Wawili wale wakabusiana, kidogo tu, kama watu wanaoonja supu.

"Padri!" Festus akaita kutoka nyuma. "Kofia!"

"Kofia iko kichwani, Festus, kuna mvua inavuja huku."

"Ni aibu mbele ya wanawake!"

Padri Malachy akasimama, mwanga wa mashine ukimpiga ubavuni. "Jamani, nimefungisha ndoa tatu hapa tangu nije. Kama kuna yeyote aliyedhani nilikuwa nawafungisha ili wapeane mikono tu, aje ofisini kesho tuzungumze."

Kicheko kilichotoka humo! Hata wanawake wa rozari walijifunika midomo kwa mitandio. Festus akatoka, akaufunga mlango kwa nguvu, na bawaba za baba zikashika.

Kilichotokea katika nyumba ya paroko siku iliyofuata nilikisikia kwa Delia, aliyekuwa jikoni anakata kabichi. Anasema aliikata mpaka ikawa kama unga, kwa jinsi alivyokuwa ametega sikio.

"Umeleta Liverpool ndani ya parokia yangu," paroko akasema.

"Nusu ya parokia yako iko Liverpool tayari, Baba Paroko. Mimi nimewaletea waliobaki sababu ya kubaki."

"Utafunga ghala lile."

"Ghala ni la Thady. Mlango wake si wa kanisa, siwezi kuufunga."

"Na utii wako? Uliapa ukiwa umelala kifudifudi mbele ya altare, au ulikuwa umelala usingizi?"

"Nilikuwa macho. Askofu akinituma popote nitakwenda, hata leo, na sitauliza kwa nini. Lakini sikuapa kuwaambia watu kwamba kucheka ni dhambi. Hilo, Baba, sitawaambia. Si kwa ajili yako, wala kwa ajili ya mtu mwingine."

Paroko akapiga meza. Kikombe kikaanguka. Delia anasema baada ya hapo alimsikia mzee akisema kwa sauti ya chini, "Unadhani nafurahi wakiondoka?" Padri Malachy akajibu hapana, hadhani hivyo. Na hapo ndipo walipoachana, kila mmoja akiwa pale pale aliposimama.

Jumapili iliyofuata paroko alitamka kutoka altareni kwamba Mkatoliki yeyote atakayeingia ghalani kwa Brehony ataingia mbele ya macho yake, maana atakuwa amesimama mlangoni. Kisha akaendelea na Misa. Baba alikuwa akitazama mbele, amekaza taya.

Jioni ile kabla jua halijazama paroko alikuwa pale kweli, kanzu nyeusi, fimbo ya miiba mbele yake, mikono yote miwili juu ya kichwa cha fimbo. Festus Hanley nyuma yake kidogo. Watu walikusanyika barabarani. Walikuwa wengi kuliko siku ile ya kwanza, lakini hakuna aliyesogea. Nani atasogea? Mzee yule ndiye aliyewabatiza, ndiye aliyezika wazazi wao. Padri Malachy alikuwa ndani karibu na mashine, na mimi karibu naye. Aliuona umati kupitia mlangoni. Aliniambia tu, "Attracta, mwambie baba yako awashe."

Jenereta ikanguruma. Watu bado wamesimama. Ndipo Bid Tarpey akatoka katikati yao, shali nyeusi kichwani, rozari imezungushwa mkononi kama kawaida yake. Nilidhani anakwenda kusimama upande wa paroko. Na paroko mwenyewe alidhani hivyo, maana alimsogezea nafasi ubavuni.

"Habari za jioni, Bid."

"Njema, Baba. Sogea upande kidogo, niingie. Mguu huu haupendi kusimama."

"Bid! Umesikia nilichosema asubuhi?"

"Nimesikia, sina uziwi. Padri Malachy ameniambia leo kuna picha ya Birmingham kabla ya ile kubwa. Wanangu wako huko."

"Ukiingia humo utatoka na dhambi."

"Basi nitaitubu Jumamosi kama nyingine zote, na wewe utanisamehe, maana ndiyo kazi yako. Baba, mimi nimewazaa. Umenizuilia mengi nami nikakubali, lakini mji uliomeza wanangu nitauona. Sasa nipishe."

Hakusogea. Na Bid hakusogea. Walitazamana, wazee wawili waliojuana maisha yao yote, na mvua ikaanza kunyesha juu yao. Mwishowe Bid akapita ubavuni mwake, begani akamgusa, akaingia, akaketi benchi la mbele. Nyuma yake akaja mzee Moran. Halafu dada zake Delia. Halafu wote kwa pamoja, kama kondoo walioliona pengo kwenye ua, wengine wakiinama na kusema "Samahani, Baba," wengine hata hilo hawakulisema. Paroko alibaki mlangoni na fimbo yake. Alipogeuka kuondoka, Festus alikuwa ameshatangulia.

Picha ile ya Birmingham ilikuwa fupi sana. Mabasi, moshi, watu wanapita haraka, mwavuli mmoja baada ya mwingine. Bid aliitazama amelikunja shali mdomoni. Ilipokwisha akageuka kutuambia sote, kama aliyetoka kufanya utafiti, "Kumbe na wao wana mvua!" Kisha akasema, "Irudishe, Padri."

Akairudisha. Alituonyesha mara kadhaa, na hakuna aliyelalamika, kwa sababu kila benchi lilikuwa na mtu anayemtafuta mtu.

Askofu alimhamisha Padri Malachy kabla ya Kwaresima. Alipelekwa Glenadoo, huko milimani, ambako hata kunguru huenda wamejibebea chakula chao. Misa yake ya mwisho ilijaa mpaka uani. Tulitegemea machozi. Yeye alisoma Injili, akahubiri juu ya mpanzi kama ilivyokuwa siku hiyo, na kabla ya baraka akasema, "Nimehamishwa. Nimeapa utii, nami naondoka. Mashine haikuapa kitu, nayo inabaki. Attracta Brehony anajua kuiendesha." Kisha akatubariki, akaenda zake kufunga mizigo.

Sikuwa nimeulizwa. Lakini ni kweli, alikuwa amenifundisha kupitisha mkanda, kuunganisha unapokatika, kusikiliza mashine inapoanza kulalamika. Jumapili baada ya Pasaka nikafungua ghala.

Paroko alikuja kwa baba. "Thady, zima jambo hili."

"Baba," baba akasema, "mimi sikufundishi kusoma Misa."

Basi akanigeukia mimi. Jumapili, nilipopiga magoti kupokea Komunyo, alifika kwangu akanipita, akampa aliyefuata. Kanisa zima liliona. Uso wangu uliwaka moto. Ningeweza kuinuka na kurudi kwenye benchi, na nadhani hicho ndicho alichokitaka. Sikuinuka. Nilibaki pale nimepiga magoti mpaka wote wakapokea na kuondoka, mpaka akafunga tabernakulo pale altareni, mpaka Misa ikaisha. Wiki iliyofuata nikaja tena pale pale. Akanipita tena. Watu walianza kunong'ona juu yangu majumbani mwao. Shangazi yangu akanisihi niende kwingine, parokia ya jirani, ambako watanipa Komunyo bila maneno.

"Siendi kwingine," nikamwambia. "Mimi ni wa hapa."

Nilipiga magoti kiangazi chote. Nilikuwa nalia nyumbani, sitaficha, na kanisani macho makavu. Ilikuwa wakati wa kuvuna viazi paroko alipofika mbele yangu, akasimama, akaniwekea Komunyo ulimini kama vile hakujawahi kuwa na jambo kati yetu. Jioni nikawasha jenereta.

Tukaendelea hivyo miaka, mpaka umeme ukaja, mpaka televisheni ikaja na watu wakaanza kutazama kuta zao tena, safari hii kwa hiari. Padri Malachy kule Glenadoo alitundika shuka kwenye ukuta wa shule kabla hajatandika kitanda chake. Wakamhamisha. Alikopelekwa nako akaanzisha. Wakamhamisha tena. Kila walipomfukuza, kijiji kingine kikapata sinema, mpaka nadhani askofu alichoka kuwa wakala wake. Alifariki ghafla, mtu wa miaka sitini na kitu, akiwa juu ya ngazi anatundika pazia. Tulikwenda kumzika kwa basi, mimi na Delia na nusu ya Kilbrackan, na Bid Tarpey alikuwa ameshatangulia mbinguni kumngojea.

Mwaka jana jimbo la Kanisa likaamua kumkumbuka. Wakaweka kibao cha shaba kwenye ukuta wa lile ghala, kikafunikwa kipazia, na padri mmoja mwenye mkanda mwekundu kiunoni akatumwa kuja kuhutubia. Kijana mwenye adabu, sauti nzuri. Alisema Kanisa siku zote limekuwa mbele kuwaletea watu wa mashambani nuru na burudani. Alisema Padri Tuohy alikuwa mtumishi mtiifu, aliyeungwa mkono na wakuu wake katika kila hatua.

Nilikuwa kwenye kiti cha magurudumu, blanketi miguuni. Nikaishika mikono ya kiti nikainuka.

"Shangazi, kaa chini," mpwa wangu akaninong'oneza, akanivuta koti.

"Niachie." Nikamtazama yule padri. "Baba, samahani. Mlimfukuza."

Watu wakageuka. Kijana akatabasamu, kama mtu anayemsikiliza bibi wa watu. "Unasema, mama?"

"Mlimfukuza. Hapa mlimfukuza, na Glenadoo, na kule kwingine. Mtiifu, ndiyo, alikwenda kila mlikomtuma. Lakini msiseme mlimuunga mkono. Mimi nilipiga magoti kiangazi kizima nikinyimwa Komunyo kwa ajili ya mashine yake. Andikeni mnachotaka kwenye shaba, ila mseme yaliyotokea."

Mpwa wangu alikuwa ameuficha uso. Yule padri alitazama karatasi zake, akazikunja, akazitia mfukoni.

"Hayo hayamo kwenye hotuba niliyopewa," akasema.

"Najua hayamo. Ndiyo maana nimekuja na hii baridi yote."

Akavuta kiti kilichokuwa karibu yake, akakileta mpaka nilipo, akaketi. "Basi nieleze, mama. Mbele ya watu hawa wote. Anzia alipofika."

Nikamweleza, nikianzia lori la ng'ombe. Chai iliyoandaliwa kwa wageni ilipoa, hakuna aliyekwenda kuichukua, na mpwa wangu akaacha kunivuta koti.